Maji Ndiyo Yanayoharibu: Mafuta, Singo na Sahani ya Kila Siku Hapa Tanga

Mafuta ya nazi ya nyumbani yakianza kunuka ndani ya wiki mbili, kuna maji yamebaki ndani yake. Singo, ule unga wa kusugulia mwili, ikiota ukungu, ni maji hayo hayo. Jeli ya shubiri ikiharibika mezani, maji tena. Vipodozi vya dukani vina vihifadhi. Vyetu havina hata kimoja, na hapa Tanga hewa ina unyevu wa bahari mwaka mzima. Kwa hiyo tumejifunza kuanza kila kazi kwa maswali mawili: maji yatatoka vipi, na tutayazuia vipi yasirudi?

Jikoni mambo yanageuka. Huko maji ya mchicha ndiyo tunayoyalinda yasimwagwe. Tutafika.

Nazi

Nazi ya mafuta ni ile iliyokomaa hasa: nzito mkononi, kifuu cha kahawia iliyokolea, ukiitikisa maji yanacheza. Koroma ina nyama laini yenye maji mengi na mafuta kidogo, haifai kazi hii. Joya nalo limekwisha tumia sehemu ya mafuta yake kulisha kile kisponji kilicho ndani. Nazi isiyotoa sauti kabisa ivunjie pembeni, kwenye bakuli lake. Nazi moja iliyooza ikiingia kwenye tano nzima, harufu yake haitoki tena hata ukipika kwa ustadi gani. Vunja, nusa, onja maji yake, ndipo ukune.

Kwenye mbuzi ya kukunia, simama kabla hujafika ngozi ya kahawia inayogusa kifuu. Ngozi hiyo haina sumu, ila inapaka mafuta rangi ya chai. Wanaotumia blenda waimenye kwanza kwa kisu. Nazi 5 za wastani hutoa mililita 350 hadi 450 za mafuta. Anayetaka lita moja aandae nazi 10 hadi 15, akikumbuka kwamba nazi ndogo ndogo za mwisho wa kiangazi zitamwangusha.

Maji ya kukamulia yawe vuguvugu, kama ya kumwogesha mtoto: kikombe kimoja kwa kila nazi mkamuo wa kwanza, nusu kikombe mkamuo wa pili. Maji baridi yanagandisha mafuta yakabaki kwenye chicha. Ya moto sana yanaivisha nazi kabla hujaikamua, na tui linakuwa na chembechembe. Chuja kwa kifumbu, kisha pitisha tena kwenye kitambaa safi cha pamba, maana chembe za chicha zikiingia sufuriani zitaungua mapema na kukudanganya kwamba mafuta yameiva.

Tui lifunike, likae saa sita hadi nane. Penye friji, tabaka la juu linaganda kama siagi, unaliinua kwa kijiko na kuacha maji chini. Pasipo friji, tumia chupa kubwa ya plastiki inayopitisha mwanga. Utaona mpaka kati ya tui zito lililopanda na maji yaliyoshuka. Toboa tundu dogo karibu na kitako, maji yatoke, uzibe kwa kidole mara tui linapofika kwenye tundu. Wengi wanaruka hatua hii na kutia tui lote jikoni. Mafuta yatapatikana, lakini utachoma mkaa mara mbili, na chini ya sufuria patashika.

Sufuria iwe pana, moto uwe mdogo. Mwanzoni kuna povu kubwa jeupe na mchemko wa kawaida. Baadaye tui linakatika: mafuta yanajitenga, chembe nyeupe zinaogelea. Hapo usiondoke tena. Koroga kwa mwiko mkavu, ukikwangua kitako. Sauti inabadilika, inakuwa nyembamba, kama mvua ya manyunyu kwenye bati, kisha inapungua. Chembe zinatoka weupe zinaingia udhahabu. Zikifikia rangi ya kitunguu cha pilau kilichoanza kugeuka, ipua mara moja, kwa sababu joto la sufuria litaendelea kupika dakika mbili tatu zaidi. Ukingoja ziwe kahawia ukiwa bado juu ya moto, mafuta yatanukia mashapo yaliyoungua, na harufu hiyo inakaa kwenye nguo.

Kama sikio lako bado halijazoea, kuna kipimo cha karatasi. Chovya ncha ya karatasi kavu kwenye mafuta, isogeze mbali kabisa na sufuria, iwashe. Ikiwaka kimya, maji yamekwisha. Ikitoa milio ya kupasuka, rudisha sufuria motoni. Na kama umegundua kosa baada ya siku kadhaa, ukiona ukungu mweupe umekaa kitako cha chupa, mafuta yapashe tena kwa moto mdogo hadi vipovu viishe. Lakini yakishanuka yamechacha, hakuna la kufanya. Paka bawaba za mlango.

Chupa ioshwe, ichemshwe, iinamishwe juani siku nzima. Usifunge kifuniko mafuta yakiwa moto. Mvuke utakuwa matone, na matone ni maji yaliyorudi kwa mlango wa nyuma. Weka chupa kubwa kabatini penye giza, na kichupa kidogo cha bafuni ambacho ndicho kitakachoguswa na vidole vyenye maji. Bandika tarehe. Yaliyopikwa vizuri yanakaa miezi kadhaa bila kubadilika.

Halafu kuna lile la Julai. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 au 25, na asubuhi za kipupwe Tanga hufika huko. Kila mwaka mtu analalamika kwamba ameuziwa mafuta yaliyochanganywa kwa sababu yameganda. Kinyume chake: weka kidogo kwenye friji saa mbili, ya nazi tupu yatakuwa jiwe jeupe, yanayobaki majimaji ndiyo ya kutiliwa shaka.

Nani apake, nani asipake

Mafuta hayaongezi maji kwenye ngozi, yanayafungia yaliyopo. Ndiyo maana saa ya kupaka ni dakika mbili tatu baada ya kuoga, ngozi ikiwa imefutwa lakini bado ina ubichi. Nusu kijiko cha chai kinatosha miguu miwili kuanzia gotini. Anayepaka juu ya ngozi kavu saa tano asubuhi atang'aa tu, halafu jioni atajikuna.

Ngozi kavu ya magoti, visigino na viwiko inayapenda sana. Uso wenye mafuta na chunusi mara nyingi unayachukia, kwani huziba vitundu vya ngozi kwa watu wengi. Aliye hivyo ayaishie shingoni. Na mwenye mba kifuani au mgongoni, yale mabaka mepesi yanayozidi wakati wa joto, aache kabisa kupaka hapo. Fangasi wa mba hula mafuta. Ukipaka unampelekea chakula, na kila ukiongeza mabaka yanapanuka. Huyo anahitaji dawa ya fangasi kutoka duka la dawa.

Mafuta ya nazi pia si kinga ya jua. Yanazuia mionzi kidogo mno. Kwa mwenye ualbino hili ni jambo la uhai: kofia pana, mikono mirefu, na losheni halisi ya jua kama Kilisun inayotengenezwa Moshi, kwenye hospitali ya KCMC. Asipewe kichupa cha mafuta ya nazi aambiwe kinatosha.

Visigino vilivyopasuka vinataka kitu kizito kuliko mafuta matupu. Nta ya nyuki gramu 20, mafuta ya nazi gramu 60, mafuta ya ufuta gramu 40. Weka kwenye bakuli, bakuli juu ya maji yanayochemka taratibu, kwa sababu nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65 na haihitaji zaidi. Hakikisha mvuke hauingii bakulini. Mimina kwenye vikopo vikavu. Uwiano huo wa moja kwa tano unahimili joto la Tanga. Wa Lushoto wapunguze nta hadi gramu 14 hivi, la sivyo itakuwa ngumu kama mshumaa. Paka usiku, vaa soksi, lala.

Singo

Kila somo (kungwi) wa bibi harusi ana singo yake na hataki kuambiwa. Hatugombani nao juu ya harufu. Tunagombana juu ya karafuu.

Karafuu, iliki, mdalasini na pilipili manga zinatoka hapo juu milimani Amani, ni nzuri na mbichi, na ndiyo maana zina nguvu. Mafuta ya karafuu hukera ngozi. Kinachokufanya uhisi joto tamu ndicho kile kile kinachochoma kikizidi. Tumekuta mapishi yenye nusu kwa nusu ya karafuu na unga wa mchele. Hiyo ni adhabu. Kipimo chetu ni hiki: unga wa mchele vijiko 4 vya chakula, liwa iliyosagwa vijiko 2 vya chakula, manjano nusu kijiko cha chai, karafuu robo kijiko cha chai. Kwa uso, toa karafuu kabisa.

Unga wa mchele wa dukani una chembe kali. Loweka mchele saa mbili, uchuje, uanike kivulini juu ya kitambaa hadi ukauke nje, utwange kwenye kinu, uchekeche kwa chekeche la unga laini, kisha uanike tena mpaka ukauke kabisa. Sugua kidogo kati ya vidole viwili: ukihisi mchanga, rudia kuchekecha. Chembe kubwa zinachana ngozi mikwaruzo usiyoiona, na karafuu inaingia humo.

Singo hukaa miezi mitatu ikiwa kavu, kwenye kopo lenye kifuniko cha kubana. Ikishachanganywa na marashi, maziwa mtindi au maji, maisha yake ni siku hiyo tu. Marashi hayaizuii kuharibika, hayo ni maji yenye harufu. Changanya kijiko kimoja au viwili kwa wakati, kinachobaki kitupe. Paka, subiri dakika tano, na kabla haijakauka ikapasuka lowesha mkono usugue kwa duara, kwa uzito ule ule unaofuta vumbi kwenye kioo. Mara moja kwa wiki. Usipake penye kidonda, penye chunusi yenye usaha, wala siku uliyonyoa. Manjano yatapaka taulo. Tumia khanga ya zamani.

Kitu chochote kipya kijaribiwe kwanza ndani ya mkono, karibu na kiwiko, sehemu ya ukubwa wa sarafu, mara mbili kwa siku kwa siku saba. Bibi harusi asijaribu kitu kipya siku tatu kabla ya harusi. Kipele kinachotokea Jumatano hakiondoki Jumamosi.

Shubiri ina kosa moja linalorudiwa kila mahali: ule utomvu wa njano chini ya ganda. Kata jani, lisimamishe kwenye glasi dakika kumi na tano utomvu utoke wote, lioshe, ndipo umenye na kukwangua jeli. Wanaosema shubiri imewawasha, mara nyingi waliwashwa na utomvu. Jeli ikae kwenye friji, isizidi wiki.

Ndimu na limau hatuzipaki usoni, hata kwa asali. Ngozi ina uchachu wa kadiri ya 5 kwenye kipimo cha pH. Maji ya ndimu yako kwenye 2 na kitu. Lakini uchachu ni nusu ya tatizo, nusu nyingine ni jua. Ndimu ina kemikali ambazo zikikutana na jua juu ya ngozi huchoma: siku moja au mbili baadaye yanatokea malengelenge au wekundu, kisha alama nyeusi inayokaa wiki hata miezi. Angalia mikono ya anayekamulia watu ndimu kwenye samaki wa kuchoma pale ufukweni mchana kutwa, utaona michirizi myeusi ilipotiririka maji yake. Ukishika ndimu, osha mikono kwa sabuni kabla ya kutoka juani. Soda ya kuokea iko upande wa pili, kwenye 8 na zaidi, nayo inakausha ngozi. Dawa ya meno juu ya chunusi hatuna la kusema isipokuwa kwamba ni ya meno.

Sabuni ya nazi na mwani

Mwani unalimwa pwani yetu kuanzia Mkinga hadi Bagamoyo, na kina mama wa Mlingotini wanaujua kuliko sisi. Katika sabuni, mwani ni kiungo cha pambo na madini kidogo. Kazi ya kusafisha inafanywa na mafuta na kostiki soda, na hapo ndipo penye hatari, kwa hiyo tutaenda polepole.

Mafuta ya nazi gramu 1000. Kostiki soda gramu 150. Maji safi gramu 320. Unga wa mwani vijiko 2 vya chakula. Yote kwa mizani, hata maji. Lita moja ya mafuta ya nazi ina gramu 920 tu hivi, kwa hiyo anayepima mafuta kwa lita na soda kwa kijiko hajui anatengeneza nini. Gramu 1000 za mafuta ya nazi zinahitaji soda gramu 183 hivi ili zigeuke sabuni zote. Sisi tunatia 150 makusudi, ili sehemu ya mafuta ibaki bila kugeuka. Sabuni ya nazi isiyo na ziada hiyo inakausha ngozi vibaya.

Sasa sikiliza: kipimo hiki ni cha nazi peke yake. Alizeti inahitaji gramu 135 hivi tu kwa kilo. Ukibadilisha mafuta na kuacha soda 150, utabakiwa na soda huru ndani ya mche, na mche huo utaunguza. Sabuni nyingi za mtaani zinazowasha tulizoziona zilianzia hapo: mtu alikosa nazi akajazia mafuta ya kupikia.

Glavu, miwani, mikono mirefu, nje penye upepo, watoto na kuku mbali. Tia soda kwenye maji, kidogo kidogo. Usitie maji kwenye soda, hulipuka usoni. Chombo kiwe ndoo nene ya plastiki au chuma kisichoshika kutu. Usitumie sufuria ya aluminiamu, yaani karibu sufuria zote zilizo jikoni kwako: soda huila na kutoa gesi inayoshika moto. Mchanganyiko utapanda joto wenyewe. Uache upoe hadi uweze kushika ndoo kwa nje bila kuumia, mafuta nayo yawe vuguvugu, ndipo umimine soda kwenye mafuta na kukoroga mfululizo kwa mwiko wa mti uliotengwa kwa kazi hii tu.

Ikiwa nzito kama uji mwepesi, ukinyanyua mwiko tone likabaki juu sekunde kadhaa, tia mwani. Mwani uwe umeoshwa maji baridi mara tatu nne, ukaanikwa, ukasagwa. Usiooshwa una chumvi, na chumvi inakata povu. Mimina kwenye kasha lililotandikwa nailoni. Sabuni ya nazi inakaza haraka: ikate baada ya saa sita hadi kumi na mbili. Ukisema utakata kesho kutwa, itavunjika vipande kama kashata. Panga miche kwa nafasi kwenye trei, ikae wiki nne penye hewa. Huo muda unakausha maji, na hatuupunguzi kwa sababu mteja anangoja mlangoni.

Raha yake moja: sabuni ya nazi hutoa povu hata kwenye maji ya bahari. Mabaharia wanalijua hilo.

Sahani

Nazi hiyo hiyo inaingia chunguni, na huko tunaihesabu. Mafuta yake mengi ni yale mazito yanayopandisha lehemu mbaya kwenye damu. Kuipaka miguuni na kuimimina kwenye wali, maharage na samaki siku hiyo hiyo ni mambo mawili tofauti. Kwa familia ya watu sita tunatumia nazi moja kwa siku, kwenye kitoweo kimoja. Pikia tui la pili, na kasimile (tui zito la kwanza), nusu kikombe, liingie mwisho, dakika tatu za mwisho, bila kuchemka kwa nguvu lisije likakatika. Ladha ya nazi inatoka kwenye hicho kilichoingia mwisho. Wali uwe mweupe siku ambayo mchuzi una tui.

Tui kidogo lina kazi. Viazi lishe, karoti za Lushoto, mchicha, kisamvu: vitamini A iliyomo haiingii vizuri mwilini bila mafuta. Kwa hiyo mchicha wa kuchemsha mtupu, ambao wengi wanausifu kwa afya, unapoteza. Osha majani kabla ya kukata, kwani ukikata kwanza unaosha vitamini. Maji ni yale yaliyobaki kwenye majani baada ya kukung'uta, na vijiko viwili vitatu tu vya ziada. Funika, dakika tano hadi saba. Kinachochuruzika ni mchuzi, kinaliwa na ugali. Kisamvu ni habari nyingine: kitwangwe, kichemshwe vya kutosha bila kufunikwa, maana majani ya muhogo mabichi yana sumu inayotoka kwa kutwanga na moto. Ni hivyo hivyo kwa bada, ugali wa unga wa muhogo. Muhogo mchungu umenywe, ulowekwe siku tatu, uanikwe ukauke, ndipo usagwe. Anayeharakisha siku moja anahatarisha nyumba nzima.

Madini ya chuma kwenye mchicha, kunde na maharage hayapokelewi kirahisi na mwili. Chungwa la Muheza baada ya chakula, au ndimu iliyokamuliwa mezani (hapa ndipo mahali pake), yanasaidia. Chai inazuia. Chai ya rangi juu ya mlo wa maharage ni desturi yetu ya zamani na ni mbaya. Isogeze saa moja mbele.

Maharage yalale majini usiku, maji hayo yamwagwe, yapikwe kwa mapya. Dagaa waliwe na vichwa na mifupa, madini ya chokaa (kalsiamu) mengi yako huko. Dona badala ya sembe, hata mara tatu kwa wiki. Mafuta yaliyokaanga samaki mara moja yanaweza kurudia mara ya pili. Yakishakuwa meusi na kutoa moshi mapema, basi.

Tatizo letu kubwa liko kwenye kikombe. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongeza isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na bora ishuke chini ya 25, yaani vijiko sita vya chai. Vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja ni tisa tayari. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina karibu tisa vingine. Na bado hatujagusa vitumbua, maandazi na juisi ya ukwaju iliyokolezwa. Kwa baadhi ya watu, vyakula vya sukari na unga mweupe huzidisha chunusi, na hao wanaweza kuona tofauti usoni wakipunguza kwa miezi miwili mitatu. Kupunguza kunakofaulu ni kwa nusu kijiko kila wiki. Anayeacha ghafla hurudi Ijumaa. Iliki na mdalasini zikizidi kidogo kwenye birika, ulimi hausikii pengo sana.

Chumvi: chini ya gramu 5 kwa siku kwa mtu, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, pamoja na iliyomo kwenye samaki wa ng'onda na vichuzi vya pakiti. Ng'onda aloweshwe na maji yabadilishwe mara mbili. Matunda na mboga zifike gramu 400 kwa siku: chungwa, kipande cha papai, na mboga mara mbili, umefika.

Yasiyo yetu

Mkorogo hatuuzungumzii kama urembo. Tanzania imepiga marufuku zebaki na hidrokwinoni kwenye vipodozi, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Lakini vikopo vinazunguka, vingine vikiwa na steroidi kali bila kuandikwa. Dalili tunazijua: uso mwekundu, mishipa inayoonekana, michirizi mapajani, vifundo vya vidole vyeusi kuliko mkono. Mtu huyo akija kutaka singo, hatumpi. Ngozi yake ni nyembamba, singo itamchuna. Aende kwa daktari, na asiache ghafla peke yake kama ametumia kwa muda mrefu, maana ngozi hulipuka.

Kuna mengine ya kwenda nayo kituo cha afya siku hiyo hiyo: baka lisilohisi ukiligusa kwa pamba, kidonda kisichofunga kwa wiki nne, doa jeusi linalobadilika umbo, hasa wayoni au chini ya kucha, upele wenye homa. Mtoto mchanga asipakwe chochote kati ya hivi. Mabaki ya singo mkononi mwa mama yaoshwe kabla ya kumshika.

Tumesahau chicha. Usiitupe. Iliyokamuliwa mara mbili bado ina mafuta kidogo, inasugua visigino vizuri ikiwa mbichi, siku ile ile. Ukitaka kuiweka, itandaze nyembamba juu ya ungo, juani, uipindue kila saa hadi ilie ukiibana mkononi. Ikiwa bado laini jioni, haijakauka; wape kuku.